Mtihani wa Nyanya Nduta

Jirani, punguza kidogo sauti ya redio yako usikie. Hili ninalosimulia si la watu wa mbali. Ni la watu wanaopanga foleni ya maziwa pamoja nasi asubuhi, na Jumapili tunabanana nao kanisani. Nikipandisha sauti njiani mniwie radhi, maana yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyasimulia kwa upole hata akitaka.

Nyumba yenyewe ilikuwa Buruburu, hapa hapa Nairobi, na ua wake wa michongoma ulikatwa ukalingana sawasawa. Mwenye nyumba alikuwa Johnson Gichuru, hedimasta wa shule moja ya msingi kando ya Jogoo Road na mzee wa kanisa. Alitembea kifua mbele. Haki yake apewe, kufundisha alijua. Mtoto aliyeshindikana kwingine aliletwa kwake, na mtihani wa darasa la saba ulipofika mtoto huyo alipita. "Kwangu hakuna anayeanguka," Mwalimu alipenda kusema, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Mkewe, Teresiah, alikuwa fundi cherehani aliyeshonea nyumbani. Walijaliwa watoto, Kibe akiwa kifungua mimba. Tena alikuwepo mama mzazi wa Mwalimu, aliyeletwa kutoka Murang'a alipofiwa na mumewe. Jina lake Nduta, nasi mtaani tulimwita Nyanya Nduta.

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, mwaka wa themanini na tatu, wageni wa kanisa walikuja kunywa chai kwa Mwalimu. Jua lilikuwa kali, watoto wakicheza nje, na sebule ilinukia mandazi. Kila kiti kilivaa kitambaa cheupe alichofuma Teresiah kwa mkono wake, kikatiwa wanga kikasimama. Mchungaji alikuwa akisifu malezi ya nyumba hiyo, na Mwalimu akiinamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa, ingawa alizipenda sana.

Mara Nyanya Nduta akatoka chumbani. Alichungulia dirishani, akashika kiuno.

"Uui! Mvua hiyo, na nguo ziko nje!"

Akaanza kuchomoa vitambaa migongoni mwa wageni, kimoja baada ya kingine, akivitundika begani. "Inama kidogo, baba, nguo isilowe," alimwambia mchungaji, na mchungaji wa watu akainama. Mke wa mchungaji aliziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nje hapakuwa na wingu hata la dawa.

"Mama anapenda mzaha," Mwalimu alisema, akicheka peke yake. Uso ulimwaka moto. Alitamani sakafu ipasuke immeze, yeye na kikombe chake.

Wageni walipoondoka alimfuata mama yake chumbani. "Mama, leo umeniaibisha."

"Nimefanya nini?" Mama aliuliza, naye aliuliza kweli, maana hakukumbuka. Alipoelezwa aliketi kitandani. "Gichuru, kichwa changu kimekuwa kiondo kilichotoboka. Naweka kitu, nikija kukichukua sikikuti. Naogopa."

Je, mwana alimkumbatia? Thubutu! Alimwambia apumzike, akafunga mlango. Tangu siku hiyo wageni wakibisha hodi, Nyanya Nduta hupelekwa chumba cha nyuma. Wakiuliza, Mwalimu husema mama amekwenda nyumbani kutazama kahawa yake. Kahawa gani ya kutazamwa mwaka mzima, jamani? Lakini tuliitikia, maana ukimbishia hedimasta mlangoni kwake utaambiwa huna adabu.

Sasa, jirani wa ukuta mmoja na nyumba hiyo alikuwa Phelister Aoko, muuguzi katika hospitali moja ya mjini. Huyu macho yalikuwa yamemwonyesha kitambo. Jioni moja alikuja, akaketi, akalisema lililomleta.

"Mwalimu, pale kazini madaktari wanatafuta wazee walioanza kusahau. Kuna dawa wanaijaribu. Nilimfikiria Nyanya."

"Mama yangu si mwendawazimu, Sista."

"Sikusema hivyo. Huu ni ugonjwa kama ugonjwa wowote. Tena hawamchukui kila mzee. Wanamtaka yule aliyeanza kusahau lakini akielezwa jambo bado analielewa. Aje na mtu anayeishi naye, anayemwona kila siku, aseme ukweli wote bila kuupamba. Na mzee akubali mwenyewe, kwa kinywa chake. Hakuna mwingine atakayemkubalia."

"Na hiyo dawa inaponya?"

"Hawajui. Ndiyo maana wanaijaribu. Labda isifae kitu. Lakini atatazamwa na daktari mara kwa mara, na watakachojifunza kitawafaa wengine."

Mwalimu alikuwa ameshafungua kinywa kukataa, mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Nyanya Nduta alisimama pale, mkono ukutani.

"Nitakwenda," alisema.

"Mama, hayo si mambo yako."

"Ni ya nani basi? Mama yangu alikwisha hivi hivi. Walimfungia kibandani wakasema amerogwa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, 'Wewe, wajisikiaje?' Mimi nataka niulizwe, Gichuru. Tena nataka nijibu, kabla mdomo huu haujawa wa kulia uji tu. Dawa isiponisaidia mimi, itamsaidia mwingine."

Teresiah, aliyekuwa amesimama na uzi mkononi, alianza kulia. Mwalimu alikubali, maana angekataaje mbele ya jirani? Alipomsindikiza Phelister langoni alimuuliza daktari mwenyewe ni nani.

"Daktari Nthoki Muasya. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha darasa la saba."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nthoki! Yule msichana wa dawati la mbele, ambaye Mwalimu mwenyewe alimfundisha hesabu za mafungu mpaka zikamkaa. Leo Nthoki amtahini mama yake hedimasta, na mama aanguke? Mwaona mtu anavyopotea? Neno mtihani halikutajwa na Phelister wala na mama. Alilileta yeye mwenyewe, kwa sababu maisha yake yote alikuwa hajaona swali ambalo halina maksi.

Kesho yake alimwita Phelister juu ya ua, akamuuliza kama mtu anayepitisha wakati, "Hivi, wazee huulizwa nini?" Naye, bila kushuku, akamweleza. Huulizwa leo ni siku gani, mwezi gani, na hapa ni mji gani. Huambiwa wahesabu wakirudi nyuma. Hupewa majina ya vitu vichache, halafu baadaye huambiwa wayataje.

Basi Mwalimu alileta ubao mdogo kutoka shuleni. Kila jioni kabla ya chakula alimketisha mama yake mezani, chaki mkononi, rula kando.

"Mji gani huu?"

"Murang'a."

"Mama! Mji gani?" Na rula ikagonga meza, pa! Mwanamke aliyemzaa, aliyempeleka shule kwa pesa za maharagwe, akashtuka na kujikunyata. Mara nyingine alilia. Mwalimu aliona aibu kumwona akilia, lakini aibu nyingine ilikuwa kubwa kuliko hiyo, ikaishinda.

Majibu yalipokataa kabisa kukaa, Mwalimu alikumbuka kwamba mama yake hakusahau nyimbo za kupalilia. Akazipanga siku, miezi, jina la mji na hesabu ya kurudi nyuma katika wimbo mmoja wa shambani, akamzoeza kutia humo na kitu chochote atakachotajiwa, kama anavyowafundisha watoto wadogo kuzidisha. Loo, ukakaa! Mama aliuimba jikoni na bafuni, na kila asubuhi Mwalimu humwambia leo ni siku gani, aitie mahali pake katika wimbo. Akafurahi kama aliyegundua dhahabu.

"Baba Kibe," Teresiah alimwambia, "huyu ni mgonjwa, si mtahiniwa. Mtu haendi hospitali amefunika kidonda."

"Shughulika na cherehani yako."

"Basi mimi ndiye niende naye. Mimi ndiye ninayeshinda naye mchana kutwa. Nimemkuta akitafuta mlango wa nje ndani ya kabati. Nimemkuta ameweka sufuria tupu motoni mpaka ikaungua."

"Ndiyo maana huendi," Mwalimu alijibu.

Siku ya siku ilifika. Nyanya Nduta alivalishwa gauni lake la kanisani na kilemba kipya. Daktari Nthoki alipowaona alisimama, akampa mwalimu wake mikono miwili, kisha akaketi karibu na mama, magoti yakikaribia kugusana. Alimweleza habari za dawa polepole. Wengine wangepewa dawa yenyewe, wengine kidonge kisicho na dawa, ili tofauti ionekane. Angeweza kukataa, na angeweza kuacha wakati wowote. Mama aliitikia kwa kichwa, macho yakimng'aa. Kulikuwa na mtu anayezungumza naye yeye, si juu yake.

Kisha maswali yakaja. Kila alipoulizwa, mama aliguna kidogo chini ya pumzi kama anayetafuta sauti ya wimbo, halafu akajibu. Sawa. Sawa. Sawa tena. Mwalimu alikaa ukingoni mwa kiti akitikisa kichwa kwa mapigo, na moyoni akimpa alama.

Daktari akamgeukia. "Mwalimu, hapa hakuna kupita wala kuanguka. Nyumbani yukoje? Hupotea? Husahau jiko?"

"Hapana."

"Hachanganyi watu, wala mahali?"

"Hata kidogo. Uzee tu."

"Una hakika?"

Aibu iliyopita humrudia mtu mpaka kaburini, na hii Mwalimu aliisimulia mwenyewe baadaye: swali lile lilikuwa mlango uliofunguliwa wazi mbele yake, naye akaufunga. "Nina hakika," alisema.

"Nyanya," daktari aliuliza tena, "wewe mwenyewe, kuna jambo linalokusumbua kichwani?"

Mama alivuta pumzi. Hili ndilo swali alilolingojea, lile ambalo mama yake hakuulizwa kibandani. Midomo ikafunguka. Na Mwalimu akakohoa. Kile kikohozi chake kikavu, ambacho kila aliyepita shuleni kwake anakijua, kinachomwambia mtoto kwamba jibu analotaka kutoa silo. Mama alimtazama mwanawe. Akameza mate.

"Hakuna, binti yangu. Niko sawa."

Daktari akasema, "Basi siwezi kumwandikisha. Jaribio ni la walioanza kuugua. Lakini ukiona mabadiliko mlete upesi, Mwalimu. Aliye mzima hatumchukui, na ugonjwa ukimzidi mtu hata asielewe anachokubali, huyo pia hatumchukui. Nafasi iliyo katikati ni fupi."

Nje, kwenye ukumbi wenye harufu ya dawa, mama alisimama. "Gichuru, mbona hukuniacha niseme?"

"Mama, umepita!" alisema Mwalimu, akimshika mkono.

Mwalimu alitangaza mtaani kwamba daktari bingwa amempima mama na kumkuta mzima wa afya. Alimwambia mchungaji, akawaambia walimu wenzake, akamwambia hata mwenye kibanda cha mboga. Phelister alimtazama tu, akaingia nyumbani kwake.

Lakini ugonjwa haukusikia habari hizo. Mvua za masika zikaja zikaenda, na mama alizidi kupungua. Akawa hamjui Kibe. Akawa anavaa viatu mikononi. Teresiah alisihi mpaka akachoka: "Turudi kwa daktari." Mwalimu husema wiki ijayo. Kwanza shule inafungwa, kisha shule inafunguliwa, kisha kuna mitihani. Ukweli ni kwamba hakujua atasimamaje mbele ya mwanafunzi wake na kumwambia, "Nilikudanganya." Hilo tu. Mama aliendelea kuzama, na mwana akitunza uso wake.

Siku moja ya mvua za vuli, Teresiah alitoka kidogo kununua uzi. Kurudi, mlango wa nyuma u wazi, na mama hayupo. Mwalimu aliitwa kutoka shuleni, akakimbia mitaa yote na suti yake. Ilibidi agonge mlango kwa mlango na kulisema lile alilolificha: mama yangu amepotea, mama yangu husahau.

"Mwalimu, hilo tunalijua zamani," alijibiwa kwenye mlango wa kwanza. "Tulikuwa tukingoja ulijue wewe." Na wale wale aliowafungia mlango walivaa makoti ya mvua wakaenda kumtafuta.

Alipatikana jioni huko Dandora, karibu na jaa la taka. Alikuwa amelowa, miguu mitupu, akichokoa taka kwa kijiti, akidhani anapalilia shamba lake. Watoto walimrushia mawe wakimwita mchawi. Mwenye duka mmoja aitwaye Yonis ndiye aliyewafukuza, akamwingiza dukani, akamfunika blanketi na kumpa chai.

"Mzee, nimemuuliza mama jina lake nani, anakaa wapi, watoto wake akina nani," Yonis alimwambia Mwalimu. "Kila nikimuuliza anaimba. Anaimba Jumatatu, Jumanne, anaimba miezi, anaimba Nairobi. Nani alimfundisha wimbo huu, akakosa kumfundisha jina la mtaa wenu?"

Mwalimu aliketi juu ya gunia la unga, akalia mbele za watu. Alilia kwa sauti, huku mama akimpigapiga mgongoni kama mtu anayembembeleza mgeni.

Kesho yake walikwenda hospitali, safari hii pamoja na Teresiah. Mwalimu alisema yote akiwa amesimama, kama mtoto aliyeitwa ofisini. Alisema ubao, rula, wimbo, uongo, na kikohozi. Daktari Nthoki hakumkemea, na hilo lilimuuma zaidi. Alisema nafasi chache zilikuwa zimebaki, na kwamba yote yangetegemea mama mwenyewe. Akamketisha, akamweleza upya, polepole, kwa maneno mepesi. Akarudia. Akarudia tena, akiwa amemshika mikono.

"Nyanya, umenielewa? Unataka kuwa pamoja nasi, au hutaki?"

Teresiah alikuwa akiomba kimoyomoyo. Mwalimu aliuma mdomo asije akatoa sauti, asije akakohoa, asije hata akapumua vibaya. Neno moja tu lilihitajika, nalo lilikuwa la mama peke yake.

Nyanya Nduta alimtazama daktari. Kisha akageuka polepole, akamtazama mwanawe usoni kwa woga, akaweka mikono magotini kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwalimu," alimuuliza, "nijibu nini?"

Hakumwita Gichuru. Hakumwita mwanangu. Daktari Nthoki alifuta macho, akaweka kalamu chini. "Siwezi kumchukua," alisema. "Si kwa sababu anaumwa sana. Ni kwa sababu ile 'ndiyo' yake mwenyewe hatuwezi kuisikia tena."

Walirudi nyumbani wakiwa wamemshika mama huku na huku. Tangu siku hiyo hakufichwa tena. Mchana aliketi kwenye baraza la mbele akiota jua, kila mpita njia akimsalimu, na Mwalimu mwenyewe alijifunza kumlisha na kumfunga kilemba. Mwaka uliofuata alifariki. Mazishini Mwalimu aliambiwa aseme machache juu ya marehemu. Alisimama, akafungua kinywa. Akaketi bila kusema neno.

Mafunzo ya hadithi hii

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nasi tunaisema methali hii kila siku, kisha tunarudi nyumbani kuwafungia wazee wetu vyumba vya nyuma. Kusahau kwa uzeeni si laana wala uchawi, wala si aibu ya ukoo. Ukisikia kwamba madaktari wanawatafuta wenye ugonjwa huo, usimpambe mgonjwa wako ili aonekane mzima. Mpeleke mapema, mpeleke kama alivyo, na anayefuatana naye awe yule anayemwona akila, akilala na akipotea. Dawa ikifaa, heri. Isipofaa, angalau ameulizwa.

La mwisho ni hili, na mlishike. Mzazi wako angali na kinywa, mwache aseme. Usimjibie, usimkatize, usimkoholee. Siku itafika utamwomba akwambie neno lake mwenyewe, naye atakutazama akingoja umfundishe.